Mawe ya Kicukiro

Katikati ya Kigali, wilayani Nyarugenge, kuna nyumba ndogo iliyokuwa ndani ya kambi ya jeshi. Kuta zake hazikuzibwa wala kupakwa rangi upya. Matundu ya risasi yameachwa kama yalivyokuwa tarehe 7 Aprili 1994. Asubuhi ile, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalipokuwa yakianza, askari 10 wa Ubelgiji, waliokuwa katika kikosi cha Umoja wa Mataifa, walitumwa kumlinda Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana. Waziri Mkuu aliuawa. Wao walinyang'anywa silaha, wakapelekwa kambini, wakauawa huko. Leo nje ya nyumba hiyo zimesimama nguzo 10 za mawe, na kila nguzo imechongwa mistari inayolingana na miaka ya askari mmoja. Ukiwa na subira ya kuhesabu mistari, utajua ni vijana wa umri gani.

Vifo hivyo vilibadili kila kitu, kwa sababu Ubelgiji iliamua kuwaondoa askari wake Rwanda. Kusini-mashariki mwa jiji, huko Kicukiro, askari wapatao 90 wa nchi hiyo walikuwa wamepiga kambi katika shule ya ufundi iliyojulikana kwa kifupi kama ETO, iliyoendeshwa na mapadre Wasalesiani. Watu zaidi ya 2,000, wengi wao Watutsi, walikuwa wamekimbilia hapo, wakiamini kwamba penye bendera ya Umoja wa Mataifa pana usalama. Mchana wa tarehe 11 Aprili malori ya askari yaliondoka. Wanamgambo walikuwa wakingoja nje.

Wakimbizi walijaribu kwenda kwa miguu hadi uwanja wa michezo wa Amahoro, ambako bado kulikuwa na askari wengine wa Umoja wa Mataifa. Walizuiwa njiani, karibu na kiwanda cha Sonatubes, wakageuzwa na kuswagwa hadi kilima cha Nyanza. Huko waliuawa kwa risasi, mabomu ya mkono na mapanga. Wachache walinusurika katikati ya maiti. Siku 10 baadaye, tarehe 21 Aprili, Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 912 na kukipunguza kikosi kizima hadi watu wapatao 270.

Kilima hicho, Nyanza ya Kicukiro, ndicho kilichochaguliwa kwa Bustani ya Kumbukumbu. Mbunifu wake ni Bruce Clarke, msanii aliyezaliwa London mwaka 1959 na wazazi wa Afrika Kusini, ambaye sanaa yake ilikulia katika harakati dhidi ya ubaguzi wa rangi. Jiwe la kwanza liliwekwa Juni 2000. Wakati huohuo jiji lilikuwa likijifunza upya kuishi: wajane wakilea yatima, mahakama zikielemewa na mashauri, miili ikiendelea kufukuliwa na kuzikwa kwa heshima. Clarke hakupendekeza sanamu. Alipendekeza mawe milioni moja, jiwe moja kwa kila aliyeuawa, na kwamba jamaa za marehemu wenyewe waje waweke jiwe na kulitia jina au alama.

Hapo ndipo naona uzito wa kazi hii. Tarakimu ya milioni moja huandikwa kwa sekunde moja, na mtu mmoja hupotea ndani yake. Kupanga jiwe baada ya jiwe kunahitaji ardhi, mikono na miaka, na ni kazi ambayo msanii hawezi kuimaliza peke yake, kwa kuwa yeye anajua umbo la bustani lakini hamjui marehemu. Anayemjua ni dada yake, au jirani aliyebaki.

Pale Mkunazini, Zanzibar, kwenye kumbukumbu ya watumwa iliyochongwa na Clara Sörnäs mwaka 1998, mtazamaji anakutana na nyuso na minyororo shingoni. Mateso yanaonekana moja kwa moja. Kicukiro hakuna uso. Nadhani ni sahihi. Waliouawa hapa walikuwa na picha zao za harusi na za shule, na hakuna mchongaji mwenye haki ya kuwapa uso wa kubuni. Clarke mwenyewe alirudi kwenye umbo la binadamu baadaye: kwa kumbukumbu ya miaka 20, mwaka 2014, alichora watu wakubwa waliosimama wima, wakatundikwa kwenye kuta za majengo ndani na nje ya Rwanda. Hao nao hawakuwa picha za watu fulani.

Kwingineko Kigali, huko Gisozi, ambako wamezikwa wahanga zaidi ya 250,000, jengo la kumbukumbu lililofunguliwa Aprili 2004 lilipewa madirisha ya vioo vya rangi na Ardyn Halter. Baba yake, Roman Halter, alinusurika Auschwitz, kisha akawa msanifu majengo Uingereza. Mwaka 2023 Gisozi iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia pamoja na kumbukumbu za Nyamata, Murambi na Bisesero. Kicukiro haimo.

Kigali imejenga mengi tangu 1994, na wageni hupiga picha kuba la ukumbi wa mikutano lililofunguliwa mwaka 2016, likiwaka taa usiku. Ni jengo zuri. Lakini barabara inayotoka Sonatubes kwenda Nyanza, ambayo leo imejaa mabasi na maduka, kila tarehe 11 Aprili hupitiwa na matembezi ya kumbukumbu yanayoanzia ilipokuwa ETO, ambayo sasa ni chuo cha ufundi, hadi kilimani. Wanafunzi wa chuo hicho huwa miongoni mwa washiriki. Wengi wao walizaliwa baada ya 1994, na sasa wao ndio wanaosomea ujenzi wa jiji hili.