Kompyuta Zilipopigwa Marufuku

Vijana wa shule yetu hushangaa waambiwapo kwamba palikuwa na wakati ambapo mtu hakuweza kuingiza kompyuta Tanzania bila kibali maalum cha Serikali. Mambo hayo yalikuwapo, na yafaa tuyakumbuke.

Kompyuta ya kwanza nchini, ya aina ya ICT 1500, iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Ilitazamiwa kurahisisha hesabu za Serikali, lakini wananchi wenye ujuzi wa kuendesha mashine za namna hiyo walikuwa wachache mno. Kazi haikufaulu, na hasara ikawa kubwa. Ndipo mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta, na televisheni pia. Wakati huo bei ya mafuta ilikuwa imepanda, ukame ulikuwa umetulazimisha kununua chakula nje, na fedha za kigeni zilikuwa haba. Amri ile, basi, haikutolewa kwa ujinga.

Hata hivyo, penye nia pana njia. Taasisi zenye haja ziliomba vibali, na kompyuta nyingine zikaingia zikifuatana na miradi ya misaada. Zanzibar nayo ilikuwa imeanzisha televisheni ya rangi mwaka 1973. Wakazi wa Dar es Salaam waliobahatika kuwa na seti wakaelekeza antena zao baharini, wakatazama vya jirani. Bara haikupata kituo chake hadi mwaka 1994.

Kwetu Heru Juu marufuku ile haikusikika, kwani umeme wenyewe haukuwapo. Chombo chetu kilikuwa redio, na kizuizi chetu kilikuwa betri. Wazee wetu walizianika juani zilizochoka, maana joto huziamsha kidogo. Wengine walizitoboa kwa msumari na kuzitia maji ya chumvi, wakapata taarifa ya habari ya jioni moja zaidi. Werevu haukukosekana milimani.

Lakini kuna kitu kimoja ambacho werevu wa namna hiyo haukuweza kukileta, nacho ni ujuzi. Marufuku ilizaliwa na uhaba wa wataalamu, kisha yenyewe ikaurefusha uhaba huo. Ilipoondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1990, mashine ziliingia maofisini haraka kuliko watu wa kuzitumia. Sisi tuliomaliza hapa mwishoni mwa miaka hiyo tuliondoka bila kugusa hata moja. Katika utumishi nimeona ofisi ambamo kompyuta ilifunikwa kitambaa kizuri, na barua zikaendelea kupigwa kwa taipureta.

Leo wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu shuleni, na sote twajua zinavyofichwa magodoroni. Sisemi sheria hiyo ivunjwe. Nasema tu kwamba anayejua kuficha chombo bado hajajua kukitumia, na hilo la pili ndilo lenye kuhitaji mwalimu.

Kwa hiyo natoa rai kwa wanachama wenzangu. Katika mkutano wetu tutakapochangia kompyuta za shule, tuchangie pia posho ya mwalimu wa kuzifundisha na fundi wa kuzitengeneza. Tukinunua mashine peke yake, tutakuwa tumerudia mwaka 1965.