Profesa wa katiba aliyefukuzwa kwa sheria

Ndugu zetu, kwenye foleni za makaratasi kuna jibu tunalolisikia kila siku: "Ndiyo sheria." Likishasemwa hilo, mazungumzo yamekwisha. Leo tunamleta kwenu profesa aliyetumia maisha yake kuuliza swali moja: sheria ni kitu gani hasa? Na cha ajabu, sheria yenyewe ndiyo iliyomfanya mkimbizi.

Hans Kelsen alizaliwa Prague mwaka 1881, katika familia ya Kiyahudi. Alikulia Vienna, akasomea sheria huko hadi kupata udaktari mwaka 1906. Fani yake ilikuwa sheria ya umma, yaani ile inayohusu katiba, dola na mamlaka ya serikali juu ya watu. Mwaka 1919 akawa profesa kamili katika Chuo Kikuu cha Vienna. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imeivunja himaya ya Austria na Hungaria, na jamhuri mpya ya Austria ilihitaji katiba. Kelsen akaitwa kusaidia kuiandika, na ikapitishwa tarehe 1 Oktoba 1920.

Ndani ya katiba ile mlikuwa na jambo alilolipigania sana: Mahakama ya Katiba, yenye uwezo wa kufuta sheria ya bunge ikiwa inapingana na katiba. Leo nchi nyingi zina mahakama ya namna hiyo, hata Congo na Burundi. Kelsen mwenyewe akawa mmoja wa majaji.

Hapo ndipo matatizo yalipoanza. Sheria ya Austria haikuwaruhusu Wakatoliki waliotengana kuoa tena. Baadhi ya viongozi wa serikali walikuwa wakiwapa kibali maalum, halafu mahakama za kawaida zinazifuta ndoa hizo. Mahakama ya Katiba ikasema mahakama za kawaida hazina mamlaka ya kufuta vibali hivyo. Basi Kelsen akashambuliwa magazetini kama adui wa ndoa. Mwaka 1929 katiba ikarekebishwa, na mwaka 1930 majaji wa zamani wakaondolewa. Hakuna aliyevunja mlango wa mahakama. Walibadilisha kifungu tu.

Akahamia Cologne, Ujerumani, kufundisha. Januari 1933 Hitler akaingia madarakani. Tarehe 7 Aprili ikatoka sheria ya kuwaondoa Wayahudi na wapinzani katika kazi za serikali, na Kelsen akasimamishwa kazi mwezi huo huo. Maprofesa wenzake wa kitivo waliandika barua ya kumtetea. Mmoja tu alikataa kutia sahihi: Carl Schmitt, bingwa mwingine wa sheria ya umma.

Kuanzia hapo ni safari juu ya safari. Geneva alilazimika kufundisha kwa Kifaransa, akiwa na miaka zaidi ya 50. Mwaka 1936 alijaribu Prague, mji aliozaliwa, lakini wanafunzi wenye chuki kwa Wayahudi walivuruga mhadhara wake wa kwanza, na vitisho vya kuuawa vikafuata. Mwaka 1940 akavuka kwenda Marekani. Alitoa mihadhara Harvard, lakini hakupata kazi ya kudumu pale. Mwaka 1942 akapokelewa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, tena katika idara ya siasa, sio kitivo cha sheria. Mtu aliyeandika katiba ya nchi! Uprofesa kamili aliupata mwaka 1945, sambamba na uraia wa Marekani.

Sasa, alifundisha nini? Alisema sheria ni kama ngazi. Amri ya afisa inapata nguvu kwenye sheria ya bunge, na sheria ya bunge inapata nguvu kwenye katiba. Na katiba je? Hiyo inategemea kanuni ya msingi ambayo watu wa sheria wanaichukulia tu kuwa ipo. Na alisisitiza kwamba kuuliza "hii ni sheria?" na kuuliza "hii ni haki?" ni maswali mawili tofauti.

Nadharia hiyo ilifika mpaka huku kwetu. Mwaka 1966 Milton Obote aliisimamisha katiba ya Uganda ya 1962 na kuleta nyingine. Jeshi likavamia jumba la Kabaka Mutesa II, naye akatoroka, akapitia Burundi hadi London, alikofia mwaka 1969. Chifu mmoja wa Buganda, Michael Matovu, akakamatwa na kuwekwa kizuizini. Kesi yake ilipofika Mahakama Kuu, majaji walimnukuu Kelsen: mapinduzi yakifaulu na watu wakautii utaratibu mpya, basi sheria mpya imezaliwa. Mwaka 1967 wakaamua kwamba katiba ya 1966 ni halali.

Yaani maneno ya mtu aliyefukuzwa na watawala yakatumika kumpa mtawala uhalali. Sisi tunaona majaji walichukua swali la kwanza la Kelsen, la pili wakaliacha mlangoni.

Kelsen alifariki California mwaka 1973, akiwa na miaka 91. Katiba aliyoiandika ilirudishwa Austria mwaka 1945, na mpaka leo inatumika, pamoja na ile mahakama yake.

Kwa ndugu zetu wafanyakazi wa mashirika: mkimbizi akiwaambia alikuwa mwalimu, muuguzi au mwanafunzi wa sheria, msimwandike kama mtu anayeanza sifuri. Na sisi vijana, tukiambiwa "ndiyo sheria," tuulize kwa adabu: ni sheria ipi, na inapata nguvu wapi? Tukishajibiwa, swali la haki bado liko palepale.