Habari za Visu vya Kukunja na Wahunzi wa Kale

Katika upande wetu wa Chamazi, mtu akifa na kuacha sanduku, jamaa zake hugawana nguo, fedha na vyombo, wala hawashindani juu ya vitu vidogo vya chuma vilivyolala chini kabisa. Kotama ya mgema, kijembe, wembe uliolika, na pengine kisu cha kukunja chenye mabapa mawili au matatu, vyote hutiwa katika kikapu. Kisha hupita mnunuzi wa vyuma chakavu na mizani yake, akavipima pamoja na mabati yaliyooza na misumari iliyopinda, akalipa kwa kilo. Basi nimeona vema kuandika habari za visu hivyo, maana wako watu katika nchi nyingine wanaovitafuta na kuvikusanya kama vile wengine wakusanyavyo fedha za kale. Tena ndani ya kisu kimoja kidogo mna habari za nchi nyingi, na nyingine ni habari zetu sisi wenyewe, nzuri na mbaya.

Chuma si kitu kigeni katika pwani hii. Kuna kitabu kidogo cha Kiyunani cha karne ya 1 baada ya Kristo, kiitwacho Periplus, alichokiandika mtu aliyejua sana habari za biashara ya bahari yetu. Ametaja soko la Rhapta, ambalo wataalamu wengi hudhani lilikuwa upande wa Rufiji au karibu nalo, na akaeleza kwamba wafanya biashara kutoka Arabuni walileta huko mikuki, mashoka, visu vidogo na nyuzi za kutobolea, yaani misharasi. Mtu akisoma hayo peke yake hudhani kwamba wazee wetu walingoja chuma kije kwa bahari. Lakini wachimbuzi wa mambo ya kale wamekuta mahali paitwapo Limbo, kusini ya Dar es Salaam, mabaki ya tanuri na mavi ya chuma ya karne zile zile za kwanza. Walinunua, lakini pia walifua wenyewe. Karibu na mwaka 916 Al-Masudi alifika pwani ya Zanj, akaandika kwamba watu wake walijipamba kwa chuma badala ya dhahabu na fedha. Na katika karne ya 12 Al-Idrisi akataja chuma cha Malindi na Mombasa, na jinsi chuma cha Zanj kilivyochukuliwa Bara Hindi kufuliwa panga bora.

Huko bara kazi ilikuwa kubwa zaidi. Wafipa walijenga tanuri ndefu za udongo zilizompita mtu kimo. Upareni ukoo wa Washana ulijulikana kwa uhunzi, na Wachaga walinunua chuma kutoka milima ile. Huko Buhaya, katika miaka ya 1970, wazee waliombwa na wataalamu kujenga tena tanuri kama walivyofanya wazee wao, nao wakafanya, wakavukuta mivukuto, wakatoa chuma kigumu kilicho jamaa ya chuma cha pua. Habari hiyo ikatangazwa mwaka 1978, na wengi waliokuwa wakifikiri kwamba Mwafrika hakujua ila chuma laini wakanyamaza.

Mbona basi kazi hiyo ilikoma? Haikukoma siku moja. Majembe na visu vya viwandani vilikuja kwa merikebu, vya bei nafuu, tayari vimenolewa. Na kuyeyusha mawe ya chuma kulitaka makaa mengi sana na siku nyingi za watu wengi. Mhunzi akaacha tanuri, akabaki na fuawe na nyundo, akafua chuma kilichokwisha kufanywa na wengine. Waliosoma Samweli wa Kwanza, mlango wa 13, watakumbuka habari ya Israeli wakati ambapo hapakuonekana mhunzi katika nchi yao yote, hata wakashuka kwa Wafilisti kunoa majembe na mashoka, na kulipa. Wafilisti walifanya vile kwa hila ya vita. Kwetu ilifanywa na bei ya sokoni.

Sasa nije kwenye kisu cha kukunja chenyewe. Mhunzi wetu alifanya kisu kimoja kwa kazi moja: kotama kwa mgema, kijembe kwa kuchanja, wembe kwa kunyoa, na kisu cha jikoni kilichotiwa mkia wake wa moto ndani ya mpini wa mti. Wahunzi wa Siyu, katika kisiwa cha Pate, walisifiwa kwa majambia na panga zao. Kukusanya kazi nyingi katika mpini mmoja ni shauri la watu wengine, wala si la jana. Katika nyumba ya makumbusho ya Fitzwilliam, huko Cambridge, mna kifaa cha fedha cha Kirumi cha karne ya 3, ambacho ndani yake hukunjwa kisu, kijiko, uma, na vijiti vyembamba. Lakini kisu kile hakikuwa na kamani ya kulizuia bapa. Kamani ndiyo roho ya kazi hii, nayo ilienea katika karne ya 17 kwa mafundi wa Sheffield, mji wa Uingereza.

Watu wengi hutumia kisu cha kukunja siku zote wala hawajui namna kinavyofanya kazi. Nyuma ya mpini hulala kipande cha chuma cha pua kilichotiwa maji kwa kadiri, kisiwe kigumu kama kioo wala laini kama bati, ndicho kamani. Kisigino cha bapa huzunguka juu ya msumari mdogo na kuisukuma kamani. Bapa likifunguka, kamani huangukia mahali pake, nawe husikia mlio, “tak”. Kisu cha bapa moja, fundi wa kadiri aweza kukifanya. Cha mabapa matatu ni shida nyingine, maana mabapa yote yapaswa kulala pamoja katika nafasi nyembamba pasipo kugusana makali. Fundi huyapinda kidogo kidogo, kwa jicho na kwa nyundo, hata yapishane kama watu katika mlango mwembamba. Akikosea unene wa karatasi moja, kisu hukwaruza, au hutikisika, au hakifungi.

Mafundi wa Sheffield walipenda kuonyesha ustadi huo kupita kiasi. Nyumba ya Joseph Rodgers ilifanya mwaka 1822 kisu chenye mabapa 1,822, bapa moja kwa kila mwaka tangu kuzaliwa kwa Bwana wetu, na baadaye kikaongezwa mabapa kwa miaka iliyofuata. Kwa maonyesho makuu ya London ya mwaka 1851 wakafanya kingine chenye mabapa 75, kikubwa hata hakuna mfuko wa kukitia. Mimi sioni faida yake, ila naistahi mikono iliyokifanya. Waswisi walikuwa na akili ya kupunguza: askari wao walihitaji bisibisi ya kufungulia bunduki na kitu cha kufungulia kopo, basi mwaka 1891 wakapewa kisu chenye bapa, msharasi, bisibisi na kifungua kopo, wala hakuna zaidi. Visu vya kwanza vilifanywa Ujerumani. Ndipo Karl Elsener wa Ibach alipojitahidi hata akavifanya Uswisi kwenyewe, na mwaka 1897 akatoa kile cha maofisa chenye kizibuo cha chupa.

Lakini mpini ulitoka wapi? Hapa ndipo habari inaporudi kwetu, na si habari ya kufurahisha. Visu bora vya Sheffield vilivikwa pembe za ndovu, na pembe za Afrika ya Mashariki zilipendwa kuliko nyingine kwa weupe wake na ulaini wake chini ya msumeno. Sayyid Said alipohamishia makao yake Unguja, karibu na mwaka 1840, biashara hiyo ikakua sana. Misafara ikatoka Ujiji na Tabora hata Bagamoyo, kila pembe begani mwa mtu, na pembe kubwa huweza kupita kilo 30. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi waliopatana ujira wao, nao walijivunia kazi yao. Lakini wengine walikuwa watumwa, na njia iliyochukua pembe ilikuwa ndiyo njia iliyochukua watu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na mahali pake pakajengwa kanisa. Soko la pembe halikufungwa. Basi pembe ikapita baharini, ikapasuliwa Sheffield, ikapigwa msasa, ikatiwa misumari midogo ya shaba, na pengine kisu kikarudi pwani hii hii ndani ya sanduku la mfanya biashara, kikanunuliwa na mtu ambaye babu yake aliipagaa.

Wala tusidhani ya kuwa huko walistarehe wote. Wasaga visu wa Sheffield waliinama juu ya mawe ya kunolea, wakavuta vumbi lake mchana kutwa, na wengi walikufa kwa kifua kabla hawajaona mvi.

Mwaka 1989 mataifa yalipatana kukataza biashara ya pembe za ndovu kati ya nchi na nchi, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa waliolitaka jambo hilo. Tangu hapo mkusanyaji mwenye kisu cha kale cha pembe hana budi kuangalia sheria kabla ya kukiuza. Na mafundi wapya, maana wako tena watu wafanyao visu vya kukunja kwa mikono, kimoja kimoja, hasa Marekani, ambako wafanya visu waliunda chama chao mwaka 1970, hutumia mfupa, pembe za kulungu, na mti wetu wa mpingo. Mpingo wa Kilwa na Lindi hung'aa kama chuma, haunywi maji upesi, na hushika msumari pasipo kupasuka. Kisu cha namna hiyo chenye mabapa matatu huweza kuchukua fundi siku nyingi, na wanaovinunua hawavikatii nyama. Huvifungua, husikiliza mlio, hutazama kama mwanga unapita kati ya kamani na mpini, kisha huvifunga.

Haya yote nimeyaeleza kwa sababu ya kile kikapu. Mtu wa Chamazi akiona kisu cha kukunja katika sanduku la marehemu, kabla ya kukipima kwa mizani afungue bapa kubwa na kutazama karibu na kisigino. Visu vya Rodgers huwa na nyota na msalaba vilivyopigwa hapo. Kotama na kijembe havina alama ya namna hiyo. Vilifuliwa na mhunzi ambaye kila mtu wa kijiji alimjua, basi hakuona haja ya kuandika jina. Kwa hiyo aulizwe mzee aliye hai, ni nani aliyeifua, na kwa chuma gani, na jibu liandikwe katika karatasi na kufungwa pamoja nayo. Kisha kisu kipakwe mafuta ya cherehani, maana hewa yetu ya pwani ina chumvi, wala kisihifadhiwe ndani ya ala ya ngozi, kwa kuwa ngozi hushika unyevu na kuleta kutu. Wahunzi wa leo, kama wale wa Gerezani mjini, hufua visu kwa springi za magari makuukuu, na wengine wao watakueleza kwa kutazama tu kama kotama ya babu yako ilianza maisha yake kama tupa.