Mpangaji mmoja, virago vingi

Wiki jana mwanafunzi anayeishi Pipeline, Embakasi, aliniletea insha yake. Aliandika kwamba mama mmoja aliyeshindwa kulipa kodi "alifunga virago usiku." Mwalimu akakata neno kwa wino mwekundu, akaandika "kirago." Ati mama yuko peke yake, na godoro ni moja! Alama ikaenda.

Mwalimu alikosea, na historia ndiyo shahidi. Kirago ni mkeka wa nyasi au matete waliolalia wapagazi wa misafara ya karne ya 19, kutoka Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji. Kulipokucha, virago vilikunjwa, vikafungwa, safari ikaendelea. Kwa maoni yangu, wingi huo ulikuwa wa kambi nzima, si wa mtu mmoja. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, misafara ikafifia. Wingi ukabaki.

Msemo hauhesabu vitu. Umati mzima "huunga mkono," si "mikono." Ukipiga makofi umesifu, ukipiga kofi, jiandae kwenda polisi. Hata Wafaransa, wenye miguu miwili kama sisi, hutembea "à pied," kwa mguu, lakini hupiga magoti "à genoux," kwa wingi. Sisi twaenda kwa miguu.

Basi mwisho wa mwezi, ukiona mkokoteni ukitoka kwenye ploti pale Pipeline na godoro moja, jiko moja na mtungi mmoja, sema bila woga kwamba mtu kafunga virago. Na ile alama ya mwanafunzi irudishwe.