Mpaka wa Ziwa Naivasha

Mtu atokaye mjini Naivasha na kuifuata barabara ya kusini mwa ziwa haendi mbali kabla ya kufika Karagita. Hapa wanakaa maelfu ya watu walioletwa na kazi katika mashamba ya maua. Ziwa li karibu nao sana, lakini baina yao na maji pana nyua nyingi na njia chache. Mojawapo ya njia hizo huteremka hadi ufuo wa umma wa Karagita, ambapo wavuvi huegesha mashua zao, wachuuzi huuza samaki, na watoto hucheza siku za mapumziko. Je, uwanja huo wa wote waanzia wapi, nao waishia wapi? Swali hili laonekana dogo, lakini limewashughulisha watu kwa muda wa karibu miaka mia moja.

Jina la Naivasha latokana na neno la Kimaasai lenye maana ya maji yachafukayo kwa mawimbi. Wamaasai walinywesha ng'ombe wao hapo hata mwaka 1904, walipofanya mapatano na serikali ya Waingereza na kuhamishwa kutoka sehemu hii ya Bonde la Ufa. Nchi waliyoiacha ilikatwakatwa kuwa mashamba ya walowezi, na mashamba mengi yakafika hata ukingo wa ziwa.

Hapo ndipo ugumu ulipoanza. Naivasha si ziwa litulialo mahali pamoja. Maji yake huletwa hasa na mito ya Malewa na Gilgil, na hakuna mto utokao humo. Maji hupotea hewani kwa jua, na mengine hupenya chini ya ardhi. Basi mvua zikizidi ziwa hupanda, na zikipungua hushuka. Tena, kwa kuwa kando zake nyingi ni tambarare, maji yakishuka kidogo tu huacha wazi eneo kubwa la udongo wenye rutuba. Ziwa liliposhuka, walowezi walianza kubishana: ardhi hiyo mpya ni ya nani?

Jawabu lilitolewa mwaka 1933. Serikali ilipatana na chama cha wenye mashamba ya kandokando ya ziwa kwamba mpaka usifuate maji, bali ufuate kimo cha futi 6,210 juu ya usawa wa bahari, yaani takriban mita 1,893. Ardhi yote iliyo chini ya kimo hicho ilibaki kuwa ya serikali. Mwenye shamba lililopakana nayo aliruhusiwa kuitumia, ila asijenge humo jengo la kudumu.

Tuwe waadilifu tunapoyapima mapatano hayo. Wazo lake lilikuwa la busara, kwa maana liliweka mpaka ambao ziwa halikuweza kuuhamisha. Lakini waliopatana walikuwa wawili tu, serikali na wenye mashamba. Mchungaji, mvuvi na mchota maji hawakuwa na kiti katika baraza lile. Kwa hiyo ardhi iliitwa ya serikali katika karatasi, lakini lango la kuifikia lilikuwa mkononi mwa jirani mwenye shamba.

Baada ya uhuru nchi ilibadilika. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 kilimo cha maua kilianza na kukua, na vijiji kama Karagita vikajaa watu. Mwaka 1995 ziwa lilitiwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu kwa dunia nzima. Kisha Katiba ya mwaka 2010 ikatamka kwamba maziwa ni mali ya umma, na ikazikabidhi serikali za kaunti kazi ya kutunza bustani, fuo na viwanja vya burudani. Hivyo jambo lililoamuliwa zamani na wachache sasa laweza kujadiliwa na wawakilishi wa wote.

Katika mjadala wa namna hii hoja mbili hukutana. Mmoja husema kwamba mpaka ukisogezwa juu, watu watapoteza nyumba na mapato. Mwingine hujibu kwamba mpaka ukisogezwa chini, umma utapoteza ufuo, na ziwa litapoteza mafunjo yanayochuja matope. Wote wawili wana haki ya kusikilizwa. Lakini ziwa nalo husema. Mwaka 2020 lilipanda hata likaingia katika nyumba za watu mtaani Kihoto, karibu na mji wa Naivasha, na familia nyingi zikahama. Waliopata hasara hawakuwa wale walioandika ramani. Walikuwa watu waliotafuta mahali nafuu pa kuishi.

Wala jambo hili si la Naivasha peke yake. Mwaka 1989 palikuwa na mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru, jijini Nairobi. Wangari Maathai aliupinga kwa barua na kwa sauti, akatukanwa hadharani, lakini mwishowe jumba hilo halikujengwa. Bustani ilikuwa na mpaka tangu zamani. Iliyokosekana ilikuwa sauti ya kuutetea.

Hili ndilo fundisho la Karagita. Mpaka wa mali ya wote wataka mambo mawili: uwekwe mahali ambapo maji yamewahi kufika, wala si mahali yalipo leo, na uwekwe hadharani, mbele ya wale watakaoutumia. Kiangazi kitarudi, na udongo mweusi utaonekana tena ukimwita mjenzi. Siku hiyo mawe ya mpaka yawe yamekwisha kusimama, na kila mtoto wa Karagita awe ameonyeshwa yalipo. Asiyeziba ufa hujenga ukuta.