Maji yanayopanda na mafuta: yanakwenda wapi?

Malori ya mafuta huvuka mpaka wa Kenya na Uganda katika vituo vya Busia na Malaba, usiku na mchana. Kwa wakazi wa Dabani, wilayani Busia, na wenzao wa Tororo, petroli ni bidhaa inayofika ikiwa imekwisha kusafishwa. Taka zake zimebaki katika nchi ilikochimbwa. Hali hiyo inabadilika, kwa kuwa Uganda nayo imechimba visima vya mafuta kando ya Ziwa Albert, na kila kisima cha mafuta hutoa pia maji machafu.

Maji haya ni nini?

Mafuta hayakai chini ya ardhi kama maji mtungini. Yamo katika vitundu vidogo vya miamba, pamoja na gesi na maji ya kale yaliyonaswa humo kwa mamilioni ya miaka. Kisima kinapofunguliwa, vyote vitatu hupanda kwa pamoja, kisha hutenganishwa mitamboni.

Kwa makadirio yanayotumiwa sana, kila pipa la mafuta, yaani lita 159, huambatana na wastani wa mapipa matatu ya maji duniani. Kisima kipya hutoa maji machache. Kadiri kinavyozeeka, mafuta hupungua na maji huongezeka. Visima vya gesi asilia, kama vile vya Songo Songo nchini Tanzania, kwa kawaida hutoa maji machache zaidi kuliko visima vya mafuta.

Mara nyingi maji hayo yana chumvi nyingi, matone ya mafuta, benzini, metali nzito na dawa zinazotiwa kisimani ili kuzuia kutu na bakteria. Katika baadhi ya maeneo huwa pia na radiamu, madini yenye mionzi. Yakimwagika, chumvi huharibu udongo, na shamba lililoharibika hivyo huweza kuchukua miaka mingi kurejea katika hali yake.

Wengine wameyafanyia nini?

Njia inayotumika zaidi nchi kavu ni kuyasukuma tena chini ya ardhi. Nchini Marekani, ambako mwaka 2012 yalikadiriwa kuwa mapipa bilioni 21, sehemu kubwa ilirudishwa chini kwa njia hiyo. Hata hivyo, njia hii ina hatari zake. Katika jimbo la Oklahoma, wanasayansi walihusisha ongezeko la matetemeko ya ardhi na maji taka yaliyosukumwa katika tabaka za chini sana. Tetemeko la Septemba 3, 2016, karibu na mji wa Pawnee, lilikuwa na ukubwa wa 5.8.

Oman imejaribu njia nyingine. Huko Nimr, katika jangwa la kusini, maji ya visima hupitishwa katika mabwawa makubwa ya matete. Mimea na vijidudu vilivyo kwenye mizizi yake huondoa mabaki ya mafuta, na sehemu kubwa ya maji huyeyuka kwa jua. Mabwawa hayo husafisha zaidi ya mita za ujazo 100,000 kwa siku. Lakini mradi wa namna hiyo unahitaji ardhi kubwa na tupu, na kando ya Ziwa Albert ardhi ya aina hiyo ni adimu.

Hali ya Uganda

Mafuta ya kibiashara yalithibitishwa nchini Uganda mwaka 2006. Uamuzi wa mwisho wa uwekezaji ulitangazwa Februari 1, 2022. Mradi wa Tilenga, wilayani Buliisa na Nwoya, unaendeshwa na kampuni ya TotalEnergies na umekusudiwa kutoa hadi mapipa 190,000 kwa siku. Mradi wa Kingfisher, wilayani Kikuube, ulio chini ya kampuni ya CNOOC, umekusudiwa kutoa mapipa 40,000. Iwapo wastani wa dunia ungetumika kwa kiwango hicho cha juu, maji ya kushughulikiwa yangezidi lita milioni 100 kila siku.

Mpango wa kampuni hizo ni kuyasafisha maji na kuyarudisha ndani ya miamba yalikotoka. Maji hayo husaidia pia kudumisha mgandamizo unaosukuma mafuta juu. Yasipotosha, mengine yatachotwa ziwani. Mpango huo ukitekelezwa ipasavyo, maji taka hayatafika ziwani. Utekelezaji wake unategemea mabomba yasiyovuja, kuta za visima zisizopasuka na pampu zisizosimama, kwa muda wa miaka ishirini na zaidi, huku maji yakiongezeka na mapato ya mafuta yakipungua.

Usimamizi uko mikononi mwa Mamlaka ya Petroli ya Uganda na Mamlaka ya Taifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2019 inagusa pia taka za shughuli za petroli.

Kwa nini jambo hili linawahusu wa mbali?

Maji ya mto Sio, unaopita mpakani Busia, huingia Ziwa Victoria, kisha hufuata Nile hadi ncha ya kaskazini ya Ziwa Albert. Hapo lipo eneo la ardhi oevu linalolindwa na Mkataba wa Ramsar tangu mwaka 2006, na baadhi ya visima vya Tilenga vimo katika Hifadhi ya Murchison Falls iliyo jirani. Kutoka hapo mto huelekea Sudan Kusini.

Hivyo uchafu wa Ziwa Albert hautarudi nyuma hadi Dabani. Watakaoupokea kwanza ni wavuvi wa sangara na wafugaji wa Buliisa, kisha watu wa Pakwach, Adjumani na Nimule. Kinga yao ni vipimo: mapipa mangapi ya maji yamepanda, mangapi yamerudishwa chini, na yaliyobaki yako wapi. Hesabu hizo zikitangazwa mara kwa mara kwa lugha wanayoielewa, mvuvi ataweza kuuliza kabla samaki hawajaanza kufa.