Safari ya P2 Hadi Kenya

Mwaka 1974 daktari wa Kanada, Albert Yuzpe, alieleza namna ya kuzuia mimba kwa mchanganyiko wa homoni baada ya tendo la ndoa. Nchi maskini ziliisikia kwa kuchelewa. Katikati ya miaka ya 1990 mashirika saba yaliungana kuieneza, yakianzia Kenya, Meksiko, Indonesia na Sri Lanka. Yalichagua Postinor-2 (P2) ya Hungaria, yenye levonorgestreli: vidonge viwili, ndani ya saa 72, na kadiri vinavyomezwa mapema ndivyo vinavyofaa zaidi. Wapinzani walidai vinatoa mimba. Kwa kweli huchelewesha yai kupevuka, na mimba iliyokwisha kutungwa haviigusi. Mwaka 1998 utafiti wa Shirika la Afya Duniani ulionyesha vinaushinda mchanganyiko wa Yuzpe, tena vinaleta kichefuchefu kidogo zaidi. Nchini Kenya vilihama kliniki, vikawa P2 ya duka la dawa.